Baridi ya Ziwa Nyasa

Matema, saa moja asubuhi. Jua bado limezibwa na milima ya Livingstone, na akina mama wameshaingia ziwani hadi magotini, wanafua. Mimi nimekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nasoma pakiti ya sabuni ya unga. Ndiyo, nasoma pakiti. Mwandishi wa habari akiwa likizo husoma chochote chenye herufi. Katika orodha ya viambato, kwa maandishi madogo kama sisimizi, nikakutana na kitu nilichoagana nacho kidato cha nne: vimeng'enya.

Nikamuuliza mama aliyekuwa jirani yangu kama maji hayajawa baridi mno kwa kufua saa hizi. Akacheka. "Baridi gani ya ziwa, dada? Nenda Kiwira kule juu ukafue, ndipo utaijua baridi."

Ana haki ya kucheka. Mto Kiwira unashuka kutoka nyanda za Rungwe na maji yake huuma vidole. Ziwa, ukililinganisha na huo mto, ni vuguvugu tu. Lakini maneno hayo mawili, vimeng'enya na baridi, yalinikaa kichwani safari nzima, na niliporudi mjini nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni historia ndefu kuliko nilivyodhani, na sehemu yake kubwa imeandikwa na watu waliokuja na chupa, wakajaza, wakaondoka.

Kwanza tuelewane kuhusu kimeng'enya, kwa sababu bila hicho hadithi haiendi. Ni protini inayoharakisha kazi ya kuvunja au kuunganisha vitu. Chukua wali wa Kyela, usiwe na mboga, utafune muda mrefu bila kumeza. Utaanza kuhisi utamu. Hiyo ni amilasi ya mate yako, inavunja wanga kuwa sukari. Sasa bakteria hana mdomo wala mate. Akikuta chakula kikubwa kuliko yeye, tuseme gamba la dagaa au uzi wa jani lililooza, hutoa vimeng'enya vyake nje ya mwili, vikavunja chakula hukohuko nje, naye akafyonza kilicholainika. Anakula kama mtu anayepika barabarani. Doa la damu, la yai au la mafuta kwenye shati ni chakula pia, na ndiyo maana watengeneza sabuni walianza kuwatafuta wapishi hao.

Tatizo lao lilikuwa mawili. Sabuni ni kali, huharibu protini nyingi. Na watu wengi duniani wanafua kwa maji yasiyochemshwa. Alitakiwa bakteria ambaye mpishi wake hafi kwenye ukali na halali kwenye baridi. Viumbe wa namna hiyo hawaumbwi maabara. Huwa wameshaumbwa mahali fulani, na mahali hapo pana jina, pana wenyeji, na mara nyingine pana mpaka wa nchi unaogombewa.

Tuanze na baridi yenyewe. Mwaka 1882 na 1883, Mfaransa Adrien Certes alichunguza maji na tope lililovutwa kutoka sakafu ya bahari na meli mbili, Travailleur na Talisman, akaonyesha kwamba bakteria wapo hata kwenye kina cha mita 5,000 hivi. Mwaka 1887 mtafiti aitwaye Forster akaripoti bakteria wanaong'aa gizani, aliowatoa kwenye samaki, ambao waliongezeka hata kwenye nyuzi sifuri, maji yanapoganda. Wenzake walishangaa. Walikuwa wamezoea kudhani uhai unataka joto la mwili, kama la kuku anayeatamia. Jina la kitaalamu la viumbe hawa wapenda baridi likatungwa mwaka 1902, na ilipofika 1975 Mmarekani Richard Morita akaweka mipaka ambayo vitabu vingi bado vinaitumia: mpenda baridi wa kweli hustawi vizuri kwenye nyuzi 15 au chini yake, na ikipita nyuzi 20 hivi hawezi tena kukua.

Iweke akilini hiyo 20. Tutairudia.

Kwa nini baridi ni shida? Kimeng'enya hufanya kazi kwa kujikunja na kujinyoosha. Maji yakipoa kila kitu kinasuasua, na kimeng'enya cha mnyama wa damu moto kinakakamaa kama ulezi uliolala. Mabingwa wa suala hili walikuwa Charles Gerday na Georges Feller wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji. Walifanya kazi na bakteria waliotoka kwenye maji ya bahari ya Antaktika, karibu na kituo cha Wafaransa cha Dumont d'Urville, mmoja wao akiwa ni Pseudoalteromonas haloplanktis. Amilasi yake ilipochorwa umbo lake mwaka 1998, ilionekana inafanana sana na ya wanyama, ndugu wa hiyohiyo iliyokutamuishia wali. Tofauti ni kwamba imelegea. Ni kama mlango wenye bawaba zilizolegea: unafunguka kwa kusukumwa na kidole, lakini ukija upepo mkali unang'oka wote. Kimeng'enya cha baridi kinafanya kazi kwa juhudi kidogo, ila ukikipasha moto kinasambaratika mapema. Kila faida ina gharama yake.

Na hawa viumbe si aina moja. Kijiko cha maji ya bahari baridi kina ukoo baada ya ukoo, Colwellia, Shewanella, Psychrobacter, Marinomonas, Polaribacter, na kila ukoo una ufundi wake. Wengine wanavunja magamba ya kamba, wengine mwani, wengine mafuta, wengine nyama. Namna ya kuwatambua ni rahisi mpaka inapendeza. Unamwaga maziwa au wanga kwenye sahani ya chakula chao kilichogandishwa, unapanda bakteria, unasubiri siku kadhaa. Yule anayetoa kimeng'enya huacha duara angavu kumzunguka, pale alipokwisha kula. Unahesabu maduara. Nimeona picha zake, zinafanana na mwezi ulioshika ua.

Halafu kuna kisa cha sandwichi, ambacho siwezi kukiruka.

Tarehe 16 Oktoba 1968, nyambizi ndogo ya utafiti ya Wamarekani iitwayo Alvin ilikuwa inashushwa kwenye Atlantiki. Nyaya zikakatika. Watu watatu waliokuwemo walichomoka salama, Alvin ikazama mita 1,500 na ushee na mlango wake ukiwa wazi. Ndani kulibaki chakula chao cha mchana: sandwichi za nyama, matofaa na chupa ya supu. Iliopolewa mwishoni mwa Agosti 1969, baada ya miezi kumi. Sandwichi zilikuwa zimelowa, basi. Hazikuoza. Supu ilikuwa inanywika. Mwanabakteria Holger Jannasch na wenzake waliona hilo wakaanza majaribio mapya, kwa sababu lilikuwa fumbo: bahari imejaa bakteria, kwa nini hawakula mkate? Jibu lilikuja polepole. Kule chini baridi ni ya nyuzi tatu au nne na mgandamizo wa maji ni wa kutisha, na bakteria wa kawaida waliozama pamoja na mkate walilemewa na vyote viwili. Uozo huenda, lakini kwa mwendo wa kinyonga.

Nilipokisoma hicho kisa nikajiuliza swali la kitoto: je, Alvin ingezama Ziwa Nyasa?

Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na kina chake kinafika mita 700. Mahali pengi kaskazini milima inaingia majini moja kwa moja, haina ufuo wa kubembeleza. Mtu angetegemea huko chini kuwe na baridi ya kaburi. Hapana. Maji ya chini kabisa ya Ziwa Nyasa yana nyuzi 22 na kitu, karibu 23. Kumbe! Baridi yetu kubwa kuliko zote inapita ile 20 ya Morita. Ukimchukua bakteria wa Antaktika ukamshusha kwenye kina cha Nyasa, mahali penye giza totoro na ambapo binadamu hajakanyaga, atashindwa kuishi kwa joto. Sandwichi nazo zingekuwa na hadithi nyingine.

Yule mama alijua anachosema.

Lakini kina cha Nyasa kina ugumu wake, na si wa baridi. Kuanzia mita 200 hadi 250 hivi kwenda chini hakuna oksijeni. Maji ya juu, yenye joto zaidi na mepesi, yamekaa juu ya yale mazito, na pepo za kusi hazina nguvu ya kuyakoroga mpaka chini. Kwa hiyo kila kinachokufa juu kinazama, bakteria wanakivunja, oksijeni inaisha, na wanaobaki ni wale wanaoishi bila hiyo, wakipumua salfeti na kutoa ile gesi inayonuka mayai viza. Mwingereza R.S.A. Beauchamp aliyapima maji ya Nyasa na Tanganyika na kuchapisha matokeo yake katika jarida la Nature mwaka 1940. Wavuvi hawakumsubiri. Wanajua nyavu zina mwisho wake. Usipa, mbasa na mbelele wote wanaishi ghorofa ya juu. Mdudu mmoja tu anaishi ghorofa zote mbili: kungu, yule nzi mdogo anayepanda juu ya ziwa kama moshi wa shamba linalochomwa. Akiwa bado buu, hushuka mchana kwenye maji yasiyo na hewa kuwakimbia samaki, na usiku hupanda kula. Livingstone alipofika ziwani mwaka 1861 aliona mawingu hayo na mikate iliyotengenezwa kwa wadudu hao, akayaandika yote.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye nani aliandika nini.

Ukifuata mwambao kutoka Matema kuelekea kusini-mashariki unafika Lumbila. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wajerumani walijenga kituo chao wakakiita Langenburg, kabla makao hayajahamia juu, Tukuyu. Mwisho wa muongo huo alikuwepo daktari wa jeshi aliyeitwa Friedrich Fülleborn, mtu mwenye udadisi usiolala. Alipima watu, alipiga picha, alikusanya samaki, na alivuta wavu mwembamba ndani ya ziwa akapata mwani mdogo usioonekana kwa macho. Pamoja naye katika msafara wa Nyasa na milima ya Wakinga alikuwepo mtaalamu wa mimea Walther Goetze, aliyefia huku 1899. Chupa zilisafiri hadi Ujerumani. Huko W. Schmidle akauchambua mwani, na Otto Müller akachukua daiatomu, ule mwani wenye ganda la kioo, akaandika juu yao kwa miaka kadhaa kuanzia 1903. Moja akaiita kwa jina la ziwa, nyassensis. Nyingine akaiita kwa jina la daktari, fuellebornii. Hata samaki wa miambani anayevuliwa pale Matema ana jina la daktari huyo, alilopewa 1926.

Sina ugomvi na kazi yao. Müller alichora vizuri sana, na watafiti wa leo bado wanaitumia michoro hiyo. Ninachokiona ni kingine. Fülleborn alikuwa daktari, na kwa daktari wa zama za Koch bakteria alikuwa adui. Anatafutwa kwenye damu, kwenye makohozi, kwenye kinyesi. Bakteria wa ziwani, asiyemdhuru mtu, hakuwa na kazi kwenye dola. Chupa zilimbeba bila shaka, maana hakuna chupa ya maji ya ziwa isiyo na bakteria, lakini hakuna aliyemtazama. Na Kiswahili chetu kilirithi mtazamo huo mzimamzima. Neno "vijidudu" lilikuja kwetu na bango la zahanati: nawa mikono, chemsha maji. Mpaka leo ukisema bakteria, mtu anashika tumbo.

Ajabu ni kwamba Wanyakyusa waliokuwa wanapimwa vichwa na daktari walikuwa wafugaji wa bakteria kila siku. Kibuyu cha maziwa ya mgando ni nini, kama si zizi la bakteria? Hukioshi mpaka king'ae. Unabakiza kidogo cha jana ili kiichachushe ya leo. Na baadaye kakao ilipoota mizizi Kyela, ufundi huo ukapata shamba jipya. Nenda msimu wa mavuno uone wanavyovundika: punje na utelezi wake mweupe zinafunikwa kwa majani ya migomba au kuwekwa kwenye masanduku, siku tano, sita hivi. Chachu wanaanza, wanageuza sukari kuwa pombe. Bakteria wa asidi ya maziwa wanafuata. Kisha wanaingia wale wa siki, na lundo linapanda joto mpaka nyuzi 45 na zaidi, huwezi kuacha mkono humo. Joto na asidi vinaiua punje, vimeng'enya vyake vyenyewe vinaamka, na hapo ndipo ladha ya chokoleti inapozaliwa. Mkulima anajua kwa pua siku ya kugeuza lundo. Bei ya kakao yake inategemea kazi ya bakteria kuliko anavyoambiwa.

Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni hati. Na kwenye mambo ya bakteria, mwenye hati ndiye mwenye mali. Hilo nalijua si kutoka Kyela. Nalijua kutoka Nakuru, kwa majirani zetu Kenya, ambako tabia ya maji si baridi bali ni magadi.

Mwanasayansi William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria, Nakuru, Elmenteita, Magadi. Maji yake ni makali kama sabuni yenyewe, na bakteria waliomo wamezoea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sampuli zilichukuliwa, na kampuni ya Genencor ikapata humo vimeng'enya vinavyochezea nyuzi za pamba. Kazi yake viwandani ni mbili: kulainisha nguo kwenye sabuni ya unga, na kufifisha rangi ya jinzi zionekane zimechakaa, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kuzifua pamoja na mawe ya volkano. Hataza zikaandikwa. Mwaka 2004 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, KWS, likatangaza hadharani kwamba linataka mgawo, kwa hoja kuwa bakteria walitoka kwenye hifadhi zake bila ruhusa yake stahiki. Kampuni ikajibu kwamba kila kitu kilifuata utaratibu. Mwaka uliofuata Genencor ikanunuliwa na Danisco ya Denmark, ambayo nayo ikaja kumezwa na DuPont 2011. Mdai anabaki palepale ziwani, mdaiwa anabadilika jina.

Kinachonichekesha, kama ni cha kuchekesha, ni kalenda. Maandishi ya Mkataba wa Bioanuwai, unaosema kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kibiolojia, yalikubaliwa Nairobi. Mei 1992. Mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Ziwa Nakuru. Ukaanza kutumika mwishoni mwa 1993, na Itifaki ya Nagoya, inayoeleza mgawo ufanyike vipi, ikaja 2010. Sheria ilikuwa inaandikwa chumba cha pili huku chupa zikijazwa sebuleni. Ni kweli pia kwamba KWS ilijifunza: 2007 iliingia makubaliano na kampuni ya Novozymes, safari hii mambo yakiandikwa kabla chupa haijajazwa.

Wapo wanaoita kisa hicho wizi, na nimesoma makala nyingi zenye neno hilo kwenye kichwa cha habari. Mimi nasita. Bakteria wa Bogoria hajaondoka Bogoria. Yupo, anaogelea. Kilichoondoka ni nakala yake, na pamoja na nakala, haki ya kuwa wa kwanza kumwandika. Sisi watu wa vitabu tunalielewa hili kuliko wanasheria. Moja ya hati za kale za Utendi wa Tambuka iko Hamburg, jiji lilelile ambako Fülleborn alikuja kuwa mkurugenzi wa taasisi ya magonjwa ya tropiki. Utenzi haukuibwa kwa maana ya kwamba hatunao. Tunausoma. Lakini mwanafunzi wa Lamu anayetaka kuigusa karatasi yenyewe anahitaji viza.

Turudi Matema, maana mambo ya hapa yana kikwazo ambacho Nakuru haina.

Tuseme kesho mtu anataka kuchukua maji ya mita 400 mbele ya Matema, kutafuta vimeng'enya vya bakteria wanaoishi bila hewa. Aombe kibali wapi? Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ule wa Heligoland, ulipitisha mpaka kwenye ufuo wa mashariki, kaskazini na magharibi, mpaka mdomo wa mto Songwe. Malawi inashika maneno hayo. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji, kama ilivyo desturi. Nyerere na Banda walivutana juu yake tangu 1967, na 2012 ukafufuka kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, mpaka marais wastaafu, akiwemo Chissano wa Msumbiji, wakaombwa kusuluhisha. Kwa kusoma mkataba wa 1890 neno kwa neno, yule mama aliyeingia majini hadi magotini anafulia nchi ya nje. Povu lake ni la Malawi.

Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa bahari kuu, na humo kuna vifungu juu ya mgawo wa faida za viumbe kama wale wapenda baridi, huko ambako hakuna nchi inayomiliki maji. Kwa hiyo bakteria wa katikati ya Atlantiki, asiye na mwenyewe, amepata mkataba. Wa Nyasa ana wenyewe wawili.

Na tope lake limeshasafiri. Februari na Machi 2005 mradi wa kimataifa ulioongozwa na wanasayansi wa Marekani, akiwemo Christopher Scholz wa Chuo Kikuu cha Syracuse, ulichimba sakafu ya ziwa upande wa Malawi. Tishari walilolitumia liliitwa Viphya, na wazee wa mwambao wakisikia jina hilo hukumbuka meli iliyozama Julai 1946 na watu zaidi ya mia moja. Katika eneo la kati walitoa mhimili wa tope wa mita 380. Eneo la pili lilikuwa kaskazini, kwenye maji ya mita 359, si mbali na Karonga. Tope hilo lilieleza kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na ukame ambao mfano wake hatujauona, ziwa likishuka mita 600. Hapa pote palipo na mitumbwi palikuwa ukingo wa jangwa.

Tope lingine, lililochukuliwa kabla ya hapo, lilisomwa kwa njia ya ajabu zaidi: kwa mafuta ya vijiumbe. Binamu wa bakteria, wale wataalamu wanaowaita akea, hubadilisha umbo la mafuta ya ngozi yao kulingana na joto la maji. Wanakufa, wanazama, mafuta yanabaki topeni. Kundi la L.A. Powers lilichapisha 2005 kwamba wakati wa barafu kuu ya mwisho, Ziwa Nyasa lilikuwa na baridi zaidi ya leo kwa nyuzi tatu na nusu hivi. Yaani kumbukumbu ya baridi ya ziwa hili ilitunzwa na viumbe hao hao ambao Fülleborn hakuwatazama. Waliandika kila mwaka, bila kukosa.

Mihimili ya 2005 ilipelekwa Minnesota, kwenye hifadhi ya tope za maziwa ya chuo kikuu cha huko. Wameilaza kwenye chumba baridi, nyuzi nne. Sababu ni ileile ya sandwichi: ukiiacha kwenye joto ililotoka, bakteria wataendelea kula na maandishi yatafutika. Tope lililozoea uvuguvugu wa ziwa, sasa limepewa baridi ya Atlantiki ili litulie lisomwe.

Siku ya mwisho Matema nilijaza chupa ya maji ya ziwa. Usiniulize kwa nini. Nilitaka tu nami niwe nimejaza chupa. Kwenye nyumba ya wageni nikaomba niiweke kwenye friji, pembeni ya soda. Dada wa mapokezi akaiangalia, akaniangalia.

"Maji ya ziwa, dada? Ya kunywa?"

"Hapana. Ya kuweka tu."

"Haya."

Asubuhi nilipoenda kuichukua nikaikuta chupa imeoshwa vizuri kwa sabuni, imepinduliwa juu ya sinki inakauka. "Ilikuwa imeanza kuwa na kijani, nikakumwagia," akasema, na akaniwekea maji safi ya dukani, ya baridi.